Kiungo

Jezi namba sita naijua kwa mkono,
hata umeme ukipotea Makongeni na beseni likawa giza:
ndiyo yenye kiwiko kizito,
tope la katikati ya uwanja, jekundu,
lisilokubali sabuni ya mche mpaka ulibembeleze.

Winga huchafuka ubavuni, penye chaki.
Kipa huchafuka anapoaibika.
Kiungo huchafuka kote, na hakuna amwonaye.

Alikuja kwetu na miaka thelathini na minne,
Troels Agerskov, jina la kuvunja meno.
Jukwaa la Kaloleni likalilainisha siku ya kwanza: Turulisi!
Kocha Mulwa akasema ni Mdenishi.
Mzee wa geti akauliza, hao ndio wa siagi ya mkebe?
Hakuna aliyemjibu.

Habari zake alinipa kwa vipande,
amekaa juu ya kreti la soda, goti ndani ya barafu
niliyoinunua kwa wauza samaki wa Gikomba,
goti la Ulaya likinuka mbuta.
Kwao ni Yutlandi, mahali upepo hauna mlima wa kuugonga.
Babake alifuga nguruwe.
Mechi mia mbili na kumi na moja, daraja la pili.
Mabao manne. Moja lilimgonga mgongoni likaingia.
Timu ya taifa aliichezea dakika mbili:
aliugusa mpira mara moja,
akaurudisha nyuma.

Nyuma? nikamuuliza.
Nyuma, akasema. Kulikuwa na mtu huko, peke yake,
hana wa kumkaba.

Nilicheka hadi povu likaniingia jichoni.
Nchi nzima inakutazama, nawe unarudisha nyuma!

Lakini usiku, nikiunga mchuzi, nikamfikiria.
Kiungo: kile unachotia kikayeyuka,
wageni wakasifu nyama.
Kiungo: pale mfupa unapokutana na mwenzake,
usipopakumbuka mpaka siku pauume.
Lugha yetu iliviona vyote, na yeye pamoja navyo,
ikavipa jina moja
isione haja ya kutafuta jingine.

Mshahara ulichelewa. Wake, wangu, wa kila mtu.
Mwenye klabu aliuza matangi ya maji,
na mwaka ule mvua ilinyesha kupita kiasi.
Troels alijua neno "kesho" kabla ya "asante".

Mechi ya mwisho hatukujua kuwa ni ya mwisho.
Tumefungwa moja, dakika ya sabini na ushei.
Akapokea mpira, akageuka,
goti halikugeuka naye.
Nilisikia, naapa, kutoka kwenye benchi: tko,
kama kijiti cha kuwashia jiko.
Na akiwa bado anaanguka,
mguu uliobaki mzima ukausukuma mpira nyuma
kwa Kizito Amukoya, mtoto wa miaka kumi na saba,
peke yake, hana wa kumkaba.

Kizito akapiga.
Mtambaa panya.
Mpira ukapaa hadi barabarani, ukachukua muda kurudi.

Alirejea kwao na mkongojo, akidai miezi mitatu.
Mimi nadai minne.

Juzi kapiga simu, Kiswahili chake kinachechemea kumliko.
Sita anavaa nani?
Kizito, nikamwambia. Inamfika mapajani kama gauni.
Nimeipinda kwa ndani, sikuikata,
mtoto bado anakua.
Akanyamaza. Nikausikia upepo wa kwao,
ule usio na cha kugonga.

Halafu akauliza kama lile tope la kiwikoni limetoka.

Sabuni imepanda bei, nikamwambia.